Nyasi za Mwenyekiti Baada ya Theluji

Mwenyekiti hakuweza kupita penye nyasi bila kuinama. Tukitoka ibadani, wakati wengine wakitafuta watoto wao na kuwasha magari yapate joto, yeye alikuwa amechutama kando ya maegesho, suti na tai, akizipekua nyasi za kanisa kwa vidole viwili kama mama anayetafuta chawa kichwani mwa mwanawe. Akiinuka, magoti ya suruali yalikuwa yamelowa. Mkewe alikuwa ameshaacha kulalamika.

Tulimwita Mwenyekiti kwa sababu aliongoza umoja wa wanaume kanisani. Muda wake ulipokwisha na akachaguliwa mwingine, cheo kilikwenda kwa yule mpya lakini jina likabaki kwake. Hata mkewe akimpigia simu alisema, "Mwenyekiti, pitia maziwa." Alikuwa Mkenya, muuguzi katika makao ya wazee, na nyumba yake ilikuwa Inver Grove Heights, hapa Minnesota, Marekani, kwenye mtaa wenye mteremko ambako kila nyumba ina uwanja wake mbele na hakuna aliyejenga ua. Mimi ni Mtanzania. Nikimwamkia shikamoo alicheka, akasema kwao mtu huulizwa habari na mambo yakaishia hapo, kisha akaniomba nirudie, maana ilimfanya ajisikie mzee wa maana.

Nyasi nilifundishwa na yeye. Nilikuwa nimenunua nyumba ndogo Columbia Heights, na theluji ya mwaka wangu wa kwanza hapo ilipoyeyuka nikakuta uwanja wangu umejaa mabaka ya duara, mengine mapana kama sinia la pilau, nyasi zimelala chini zimegandamana, rangi ya majivu, na juu yake utando kama wa buibui. Nikadhani jirani amemwaga sumu. Nilimpigia simu Mwenyekiti nikiwa karibu kulia. Alikuja akitoka kazini na sare yake, akachutama, akaushika utando ule bila woga.

"Usipaniki, dada," alisema. "Mgonjwa hajafa. Amelala vibaya tu."

Akanieleza, na tangu siku hiyo nimewaeleza wengine kwa maneno yaleyale, kwa sababu sijapata mazuri zaidi. Huu ni ukungu wa theluji. Watu hudhani theluji huua nyasi kwa baridi, kumbe theluji nene ni blanketi. Chini yake kuna unyevu na giza na ujoto kidogo, na humo ndimo ukungu unamostawi, miezi yote ambayo sisi tumejifungia ndani. Uko wa namna mbili. Wa kijivu hula majani na mara nyingi huacha shina, na ukitazama kwa makini utaona juu ya majani yaliyokufa vipunje vigumu, vidogo kama mbegu za haradali. Hivyo ndivyo unavyosubiri majira mengine. Wa waridi ni mbaya zaidi, maana unaweza kushuka mpaka kwenye shina lenyewe, na wala hauhitaji theluji. Baridi na umande vinautosha. Alinipa reki ya plastiki, akanionyesha namna ya kuzikwangua nyasi taratibu ili zisimame na upepo upite. Nikamuuliza dawa gani ninunue. Akasema dawa hupigwa kabla ya theluji, na viwanja vya gofu ndivyo huipiga. Ukiipiga majira ya kuchipua unamtibu marehemu. Subiri jua. Palipobaki upara, panda mbegu.

Zilisimama. Kufikia mwezi wa sita sikuweza kuonyesha mabaka yalikuwa wapi.

Kinga yote, kwa mafundisho yake, ni kazi ya vuli, majani ya miti yakianguka kabla ya theluji, na ni kazi ya kunyima. Usizipe nyasi mbolea kali zikiwa zinakaribia kulala. Zitatoa majani mabichi, laini, na ukungu unapenda laini. Endelea kukata mpaka ziache kukua zenyewe, na mkato wa mwisho uwe mfupi kidogo, maana nyasi ndefu hulaliana chini ya theluji na kutengeneza kitanda. Okota majani ya miti, yote. Ukisafisha njia ya gari usirundike theluji mahali pamoja kila mara. Rundo ndilo litakalochelewa kuyeyuka, na hapo ndipo utakapomkuta mgeni. Alifundisha haya kwenye maegesho, kwenye misiba, kwenye foleni ya chai. Alikuwa na mfano wake mmoja kutoka kazini, na aliutoa kwa sauti ya mtu anayefunga sala: mzee unayemlaza humpi sahani iliyojaa. Ukimpenda, unamnyima.

Lakini alikuwa na upande mwingine, na siwezi kumchora nikiuacha.

Mtu yule aliyeendesha gari kutoka Inver Grove Heights mpaka kwangu kwa ajili ya mabaka, hakuruhusu mguu wa mtu kwenye nyasi zake. Watoto wa kanisa walijua: kwa Mwenyekiti unateremka garini, unapita njia ya saruji, unaingia ndani. Mpira ukiangukia uwanjani aliuchukua mwenyewe, akitembea kwa ncha za vidole. Na alikuwa na neno alilolitumia kwa watu fulani, si tusi, alilisema kwa upole kabisa: "watu wa ghorofani." Maana yake ni wanaopanga vyumba, wasio na uwanja. Akisikia kijana ameoa, angeuliza kama amenunua au bado yuko ghorofani. Alikuwa mtu wa kutoa. Harambee yoyote yeye alitangulia. Ila alipenda mpokeaji awe chini kidogo yake. Nadhani wengi tuliliona hilo tukaliacha lipite, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tumeshapokea.

Kisha bintiye, mfamasia, akampenda kijana wa ghorofani.

Familia ya kijana ilitoka Kongo ya mashariki, ikakaa kambini miaka mingi, ikaletwa hapa. Baba yake alifanya kazi ya kufungasha nyama, mama yake alisafisha ofisi Saint Louis Park kwa kupanda mabasi mawili. Walipanga vyumba si mbali na kwangu. Walikuja mara ya kwanza mwishoni mwa mwezi wa kumi, kubisha hodi tu kama desturi inavyotaka, watu wachache, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba wakwe watarudi na ujumbe kamili mwezi wa nne, theluji ikiisha.

Wiki ile ile nilipita kwake kurudisha masufuria, nikamkuta anasukuma kigari cha mbolea. Ilikuwa vuli imekwisha kabisa, miti mitupu. Nyasi zake zilikuwa ndefu, za kijani nzito, kama zulia la nyumba ya wageni. Nilimuuliza, kwa utani, kama mwanafunzi anayemshika mwalimu, je, leo tunamshibisha mzee anayekwenda kulala? Hakucheka. Alisema mwaka huu ana wageni, na anataka wakija mwezi wa nne uwanja wake uwe wa kwanza kuamka mtaa mzima. Alijua. Nataka hilo lieleweke. Hakukosea kwa kutojua.

Theluji iliwahi mwaka ule, ikaanguka juu ya ardhi ambayo haijaganda, ikakaa. Ilipoondoka, uwanja wa Mwenyekiti ulikuwa kitu cha kutazama ukiwa umefumba jicho moja. Mabaka yalikuwa yameungana. Kijivu huku, waridi kule, na pale aliporundika theluji ya njia hapakuwa na kitu isipokuwa tope lenye manyoya. Majirani zake, ambao hawakujua lolote na hawakuweka mbolea yoyote, walikuwa na mabaka mawili matatu. Mkewe alimshauri shughuli nzima iwe ndani, maana hata bila ukungu mwezi wa nne Minnesota ni baridi. Alikataa. Alisema mwanamume humtoa binti yake uwanjani kwake.

Ijumaa, siku moja kabla ya wakwe kufika, nilikwenda kusaidia kukata vitunguu, tukifanyia kazi garajini kwa sababu ya harufu. Pale pembeni palikuwa na bomba la kunyunyizia na madumu matupu. Mwenyekiti aliingia kunawa, na maji kwenye ndoo yakageuka kijani. Ni rangi ya nyasi, huuzwa kwa ajili ya viwanja vya gofu, si jambo la ajabu; nyasi zikiwa kavu na kuna jua, inashika vizuri na haimdhuru mtu. Lakini hakukuwa na jua. Kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Mkewe alinitazama, akainamia kitunguu chake. Uwanja, ukiutazama kutoka barabarani, ulipendeza kuliko wowote niliowahi kuuona.

Sasa kuna desturi, na Wakenya wanaosoma haya wanaijua. Ujumbe wa bwana harusi haufunguliwi lango mpaka uimbe na kucheza wenyeji waridhike. Ukiimba kwa unyonge unabaki nje. Inver Grove Heights hakuna malango. Kwa hiyo Mwenyekiti alipanga kwamba wageni wasimame kwenye nyasi, mbele ya mlango, na waombe kutokea hapo. Yeye aliyewakemea watoto wetu miaka yote kwa kukanyaga, siku hiyo aliwakaribisha uwanjani kwa mkono.

Nao walikuwa watu wa kwaya. Wenyeji walitegemea nyimbo mbili za aibu-aibu. Wakongomani wale waliimba mpaka madirisha ya mtaa yakafunguliwa. Mama wa bwana harusi alitangulia, kitenge chake kipya cha rangi ya maziwa chenye maua mekundu na majani ya kijani, kimeshonwa kwa siku ile, upindo ukifagia chini, akicheza anakwenda chini na kuinuka. Mashangazi wa upande wetu walimtania kutoka mlangoni kwamba hatujasikia vizuri, arudie. Akarudia. Tulicheka, naye akacheka. Mlango ukafunguliwa.

Kazi yangu ilikuwa kupanga viatu ukumbini, maana kule kila mtu huvua. Jozi ya kwanza niliyoipindua ilikuwa na soli ya kijani. Na ya pili. Nilizipanga zote zikielekea ukutani, soli chini, nikakaa karibu nazo.

Ndani waliketi, wakaomba, wazee wa pande mbili wakaanza maneno yao ya kuzunguka. Mzee wetu wa kusema alifika pale ambapo husemwa kwamba nyumba hii haina kificho, mnayemwona ndiye mnayempata, na Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Ndipo mama wa bwana harusi akatazama chini. Upindo wa kitenge chake ulikuwa umelowa kijani mpaka karibu na magoti, na pale alipokuwa amekaa, kwenye zulia jeupe la Mwenyekiti, palikuwa na alama, na nyingine kutoka mlangoni mpaka kitini kwake, kama njia.

Aliinuka nusu. Alisema kwa sauti ndogo, "Munisamehe, ni kitenge yangu inatoa rangi. Niliuziwa mubaya."

Mumewe alitoa leso mfukoni, akapiga magoti, akaanza kulisugua zulia. Mzee mwenye mvi, suti yake ya kuazima imembana mabegani, anasugua, na mkewe anakusanya nguo yake mikononi ili isiguse tena kitu, akiomba radhi kwa kila aliyemtazama. Shangazi mmoja wa kwetu akasema kwa wema kwamba vitenge vya siku hizi ni hivyohivyo. Nilimtazama Mwenyekiti. Alikuwa amekaa wima. Uso wake ulikuwa uleule alioutumia kuongoza mikutano. Mimi niliyatazama magoti ya yule mzee, nikatamani sakafu inifunike, na haikuwa hata nyumba yangu.

Ni bintiye, aliyekuwa akichungulia kwenye mlango wa chumba alimongojea kutolewa, aliyemwangalia. Alimwangalia tu, mpaka Mwenyekiti akasimama.

"Mama, acha," alimwambia mama wa bwana harusi. "Si kitenge chako. Ni nyasi zangu. Nimezipaka rangi."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali. Mzee wa Kikongomani, bado yuko chini, akainua kichwa akauliza, kwa namna mtu anavyouliza habari za mgonjwa, "Hii majani yenu iko na ugonjwa gani, papa?"

Akaeleza. Mbele ya wakwe, na wazee, na mashangazi walioacha kutafuna, alitoa lile somo alilolitoa mara nyingi kwenye maegesho: blanketi la theluji, unyevu, vipunje kama haradali, mbolea, mzee asiyepaswa kushibishwa saa ya kulala. Alilitoa bila kuruka kitu. Tofauti ilikuwa ni kwamba kila mahali alipozoea kusema "msifanye," alisema "nilifanya." Alipomaliza, mkwe wake alimpa pole, pole ya kweli, kama ya kuuguliwa, akairudisha leso mfukoni, na mazungumzo yakaendelea. Binti alitolewa. Jioni walipokuwa wanaondoka walivaa viatu vyao, na hakuna hata mmoja aliyezigeuza soli kuzitazama.

Baada ya hapo Mwenyekiti hakuchutama tena kanisani. Akitoka ibadani alikwenda moja kwa moja garini. Watu walimpigia simu kumuuliza habari za mabaka, naye aliwaelekeza kwangu, kwa hiyo nikawa mwalimu bila kutaka. Harusi ilikuwa nzuri. Mjukuu alizaliwa. Wakwe walialikana, wakasaidiana, na mama yule, nikikutana naye kwenye basi, alimsifu Mwenyekiti kwamba ni mutu wa heshima, hakuficha. Nilimpelekea Mwenyekiti salamu hizo mara moja, nikidhani zitamfaa. Alinishukuru kama mtu aliyepewa chakula asichokila.

Mwezi wa tatu uliopita alikuja kwangu bila kupiga simu. Magoti yake sasa ni mabovu. Mkewe humkataza kuendesha mbali, na alikuwa ameendesha. Theluji ilikuwa imeondoka siku hizo hizo. Alisimama kwenye njia ya saruji, akautazama uwanja wangu, mabaka machache ya kijivu, akasema nisubiri pakauke kidogo kabla ya reki. Nikamwamkia. Hakuniomba nirudie.

Nilimkaribisha ndani, hakutaka. Alisema kuna jambo ambalo hajamwambia mtu, hata mkewe, na anataka alijaribu kwangu kwanza kama sauti itatoka.

"Mlidhani nilipaka ili wapendezwe," alisema. "Mke wangu anadhani hivyo. Dada, mimi nilikuwa siwataki wale watu. Nilipaka ili wafike pale wajione wadogo. Nilitaka wasimame kwenye nyasi zangu waone kwamba hawana."

Nilisema kwamba lakini alisimama, alisema ukweli, na kila mtu alisikia.

"Nilisema habari za nyasi," alijibu. "Yule mama alipoilaumu nguo yake, unajua moyo wangu ulifanya nini? Ulifurahi. Kidogo tu, lakini ulifurahi. Nikamwacha mumewe akapiga magoti. Na yeye mpaka leo ananisifu kwa watu."

Nilitaka kumpa moyo, ndiyo tabia yangu, nina maneno mengi ya kuwapa moyo watu wenye mabaka. Nilimuuliza tu anataka kufanya nini. Akasema nimpeleke kwa yule mama, maana hajui maegesho ya kule, miaka yote hii wao ndio waliokuja kwake.

Ni mwendo mfupi. Jengo ni la matofali, la ghorofa tatu, mlango wa chini unafungwa na kuna vitufe vya kengele vyenye namba za vyumba. Alivitazama muda mrefu. Nilimwonyesha kile sahihi, akabonyeza. Sauti ya mama yule ikatoka ikikwaruza, ikauliza ni nani.

"Ni mimi, mkwe wako."

Alimkaribisha, akamwambia papa yuko kazini lakini atarudi, apande tu. Mwenyekiti aliinama karibu na kile kidude cha kuongelea, mkono wake ukiwa ukutani.

"Nimekuja kwako, Mama, si kwake. Ni habari ya kile kitenge. Kuna neno sikulisema siku ile, na ni baya. Niliseme hapahapa, na kama baada ya hapo hutaki nipande, nitarudi."

Kidude kilikwaruza. Nyuma yake alisikika mtoto, mjukuu wao wote wawili, akiuliza kitu kwa Kiingereza na kuambiwa angoje.

"Kuna baridi huko, papa," sauti ilisema. "Panda. Utasema ukiwa umekaa."

Mlango ukalia, kitasa kimefunguliwa kutoka juu. Mwenyekiti alikuwa bado ameinamia kidude, uso ukutani, mabega yakimtikisika, na hakuwahi kuusukuma. Mlio ukaisha, kitasa kikajifunga. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akanizuia. Alijifuta uso, akakitafuta tena kile kitufe kwa kidole, akabonyeza kengele mara ya pili.